Punguzeni Spika, Mwacheni Mpiga Dramu

Kwa miaka mingi mwenye baa ndogo jijini New York aliruhusiwa kuweka piano, gitaa na besi, lakini akiongeza dramu alikuwa amevunja sheria. Sheria ya kumbi za burudani ya mji huo ilianza mwaka 1926, na kanuni zilizokuja kupachikwa juu yake zilitaka sehemu isiyo na leseni kamili isizidishe wanamuziki watatu, tena wawe wa vinanda na vyombo vya nyuzi tu. Tarumbeta marufuku. Saksafoni marufuku. Chochote kinachogongwa, marufuku. Ilibidi mpiga vibrafoni mmoja, Warren Chiasson, na wenzake waende mahakamani ndipo vizuizi hivyo vikaanguka, kati ya mwaka 1986 na 1988. Sheria mama yenyewe ilifutwa mwaka 2017. Mji ambamo mpiga dramu Max Roach alikulia, na ambamo mwenzake Art Blakey alijijengea jina, ndio huo huo uliomwona mpiga dramu kuwa kero inayohitaji kibali.

Hapa kwetu hakuna sheria ya namna hiyo, ila tuna simu. Ninapiga dramu katika kikundi cha watu watatu hapa Dar es Salaam, kinanda, gitaa la besi na mimi, na ujumbe unaotufikia kutoka kwa mameneja wa migahawa na hoteli ndogo haubadiliki: "Kaka, wazo la usiku wa jazz tumelipenda sana, lakini mnaweza kuja bila dramu? Ukumbi wetu mdogo, wateja wanataka kuongea." Nenda kauone huo ukumbi mdogo siku ya shoo. Utakuta spika mbili zinazokufika kifuani, zimesimamishwa kwa ajili ya kinanda na mwimbaji, na mdundo unatoka kwenye kompyuta. Wateja waliotaka kuongea wanapigiana kelele masikioni. Mpiga dramu kabaki nyumbani na kelele imekuja peke yake.

Mwenye ukumbi mdogo anayetaka muziki usiompasua mteja masikio apunguze spika, amwache mpiga dramu. Katika jazz, mpiga dramu aliyefundwa ndiye anayeshusha sauti ya bendi nzima. Mkono wake ukiwa mpole, mpiga besi hana sababu ya kufungulia ampu, mpiga kinanda hana sababu ya kushindana na besi, na mwimbaji anaweza kuimba kwa koo alilopewa na Mungu. Mtoe huyo mtu, weka mashine isiyosikia wala kuona aliyepo mbele yake, halafu utazame: kila mmoja ataanza kupandisha kidogo kidogo ili ajisikie mwenyewe.

Najua watakaonipinga wataanzia wapi. Dramu ni chombo cha kelele, na hilo halina ubishi. Fimbo ikikita ngozi ya snea, ile dramu ndogo ya katikati, na ukingo wake kwa pamoja, aliye karibu anapata zaidi ya desibeli 100 bila shida. Migahawa yetu nayo imejengwa kwa vigae na vioo, hakuna pazia wala zulia la kumeza sauti, kwa hiyo pigo likishatoka linazunguka chumba kama nzi aliyefungiwa ndani ya gari. Mpiga dramu aliyezoea viwanja akiingizwa humo ni balaa, na meneja aliyewahi kupatwa na balaa hilo simlaumu. Ninachomwomba ni asimhukumu fundi kwa kosa la mtu mwingine.

Tena ufundi huu umezaliwa kwenye vyumba vidogo. Katika jazz ya zamani dramu kubwa ya mguu ndiyo iliyobeba mwendo, inakita mapigo yote manne, na besi iliyosimama pembeni ikajisikilizia yenyewe. Miaka ya 1930 mpiga dramu Jo Jones, akiwa na bendi ya Count Basie kule Kansas City, akauhamishia mwendo huo kwenye haihati, yale matoazi mawili yanayofunguliwa na kufungwa kwa mguu wa kushoto. Kisha akaja Kenny Clarke. Huyu aliona kwamba nyimbo za kasi zinauchosha mguu, akaupeleka mwendo kwenye toazi kubwa la mkono wa kulia: ting, ting-ti-ting. Mguu ukabaki huru kudondosha pigo moja hapa, jingine pale, pale tu wimbo unapouliza swali. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 alikuwa akifanya hivyo Harlem, katika klabu ya Minton's Playhouse, pamoja na Thelonious Monk kwenye piano. Haikuwa ukumbi wa kutisha kwa ukubwa. Mwendo ulipopanda kwenye toazi, chini kukawa na nafasi, na kwa mara ya kwanza besi ikasikika noti kwa noti.

Mguu haukuachwa kabisa, ingawa wasikilizaji wengi hudhani hivyo. Wapiga dramu wa kizazi kile waliendelea kuigusa ile dramu kubwa kwenye mapigo yote manne, kwa unyoya tu, kiasi kwamba aliyeketi meza ya pili haisikii. Lakini ukiiacha katikati ya wimbo, huyo huyo wa meza ya pili atainua kichwa, aone kuna kitu kimepungua asijue ni nini. Kuifanya kazi hiyo kwa wimbo mzima bila misuli ya mguu kukaza ni kazi ngumu kuliko kupiga kwa nguvu. Nawaambia vijana hivyo na hawaniamini mpaka wajaribu.

Halafu kuna brashi. Asili yake inachekesha: vile vijiti vya nyaya laini zinazochanua kama feni vilianza Marekani mwanzoni mwa karne ya 20 vikiwa kifaa cha kuulia nzi. Wapiga dramu waliokuwa wakifukuzwa kwa kelele wakavichukua. Mkono wa kushoto unachora duara kwenye ngozi ya snea bila kunyanyuka, ukitoa sauti ya kufagia; wa kulia unagusa juu ya ule mfagio. Sharti ngozi iwe ile nyeupe yenye ukwaru. Ile ya plastiki angavu inayong'aa, ambayo ndiyo imejaa kwenye dramu za kukodi hapa mjini, haikwaruziki, na brashi juu yake haitoi kitu. Kwa hiyo mimi hutembea na snea yangu hata ninapoambiwa "dramu zipo, kaka, njoo na mikono yako tu."

Anayetaka kusikia chumba kidogo kinavyopigwa asikilize rekodi za Jumapili ya tarehe 25 Juni 1961, klabu ya Village Vanguard. Klabu hiyo, aliyoianzisha Max Gordon mwaka 1935, iko chini ya ardhi kule Greenwich Village, chumba cha umbo la pembetatu kinachojaa kwa watu 123. Siku hiyo Bill Evans alikuwa kwenye piano, Scott LaFaro kwenye besi, Paul Motian kwenye dramu. Walipiga mikupuo mitano, miwili alasiri na mitatu usiku, na mtayarishaji Orrin Keepnews akarekodi yote. Kwenye rekodi unasikia glasi zikigongana, watu wakicheka, mtu anaongea katikati ya wimbo wa taratibu kana kwamba yuko sebuleni kwake. Hakuna aliyewanyamazisha. Katikati ya mazungumzo yao Motian anafagia, anaacha, anagusa toazi mara moja, anaacha tena. Ziko sehemu anakaa kimya kwa muda ambao mpiga dramu wa kawaida angeona aibu kulipwa. Lakini jaribu kuusikiliza wimbo ukiwaza kwamba hayupo. Utaona piano na besi zimekosa sakafu ya kusimamia. LaFaro alikufa kwa ajali ya gari siku kumi na moja baadaye, akiwa na miaka 25, na ndiyo maana rekodi zile huzungumzwa sana kwa ajili yake. Ni haki yake. Mimi kila nikizirudia namfuata Motian, ambaye miaka ya mwisho ya maisha yake aliacha kabisa kusafiri, akabaki New York akipiga kwenye klabu, hiyo Vanguard ikiwa mojawapo, mpaka alipofariki mwaka 2011.

Hoja yangu inasimama hapo hapo. Wateja wale waliongea, wakanywa, na muziki ukafanyika. Kinachomzuia mteja kuongea ni sauti iliyozidi ya kwake, chombo kiwe chochote.

Sasa niwape picha ya kwetu. Mgahawa mmoja wa ghorofani hapa Dar, meza chache, kaunta ya juisi upande wa kushoto, kioo kitupu upande wa barabarani. Meneja alikubali kwa shingo upande kwamba nije na dramu, nami nikamwahidi kwamba spika atakayohitaji ni moja ndogo, ya mwimbaji mgeni atakayepanda nyimbo mbili tatu. Vyombo nilivileta kwa Bajaji. Dramu yangu kubwa ni ya inchi 18, si ile ya inchi 22 ya bendi za muziki wa roki, na ukiipakata inakaa vizuri kati ya magoti na kiti cha dereva. Matoazi mgongoni, snea miguuni. Kitu cha kwanza nilichotandika ni zulia. Kwenye vigae vitupu dramu kubwa hutambaa mbele kwa kila pigo, na mpiga dramu anayekimbizana na vyombo vyake hawezi kupiga kwa upole. Zulia pia linameza theluthi ya ukali wa chumba, kipimo nilichokipata kwa masikio yangu mwenyewe, msije mkakinukuu.

Tulianza na blues ya baa kumi na mbili, mwendo wa mtu anayetembea jioni. Baa ya kwanza hadi ya nne nilikuwa nasikiliza chumba tu: toazi linarudi kutoka kwenye kioo baada ya muda gani, haihati inakata kiasi gani. Nikahama kutoka ncha ya fimbo kwenda shingo yake, sikuipenda. Nikaweka fimbo chini, nikachukua brashi. Papo hapo mpiga besi akanitazama, akanyoosha mkono nyuma akapunguza ampu. Hatukuambizana kitu. Mpiga kinanda naye, baada ya mzunguko mmoja, akapunguza. Meza ya karibu walikuwa akina mama watatu wakijadili harusi, na nikawa nasikia bajeti ya ukumbi vizuri kabisa huku nikipiga. Kwangu hicho ni kipimo bora kuliko mashine ya desibeli: nikiweza kusikia bajeti ya harusi ya meza ya karibu, wao nao wanasikia besi.

Blenda ya juisi ilikuwa adui wa kweli. Kijana wa kaunta aliiwasha katikati ya wimbo wa taratibu kuliko zote, na ikanguruma kwenye noti iliyo jirani na ile tuliyokuwa tunaelekea. Mpiga kinanda, mtu mwenye utani, akaishukia ile noti ya blenda akaikalia. Nami nikaongeza mfagio kidogo chini yake, mpaka embe lilipokwisha kusagika. Watu wakacheka na kupiga makofi. Kijana wa kaunta akainama kama aliyemaliza kupiga solo, na kusema kweli alistahili. Tukio la namna hiyo haliwezekani pale mdundo unapotoka kwenye kompyuta. Kompyuta ingeendelea na safari yake, na blenda ingebaki kuwa usumbufu.

Baadaye mzee mmoja alikuja mpaka kwenye zulia, kofia mkononi. "Mwanangu, za Mbaraka mnazijua?" Shikamoo, mzee, tunazijua. Tukapiga moja, mpiga besi akishika ile njia ya gitaa la Mbaraka Mwinshehe na mimi nikiusukuma mwendo uelekee suingi, taratibu, ili wimbo usishtuke. Mzee alirudi kwenye kiti chake, hakucheza, akawa anagonga meza kwa vidole viwili kwenye pigo la pili na la nne. Tulipomaliza akaniambia jambo moja tu: kwamba wimbo ule ameusikia tangu ujana wake, na leo ndiyo amesikia besi inavyokwenda.

Sisemi kila ukumbi ufanye hivi. Watu wanataka kucheza, na dansi linataka nguvu. Nikienda kuwasikiliza Msondo Ngoma sitegemei brashi, nataka tumba na dramu zinikamate kiunoni. Bendi hiyo ilianza mwaka 1964 ikiitwa NUTA Jazz, ikibeba neno "Jazz" kama Morogoro Jazz, Tabora Jazz na Western Jazz, lakini zote zilikuwa bendi za dansi, za ukumbi mpana wenye watu wima. Msondo ni ngoma. Sikinde, jina ambalo watu waliwapa bendi ya Mlimani Park, ni ngoma ya Wazaramo. Jiji lenye historia hiyo leo linamwambia mpiga ngoma abaki nyumbani kwa sababu ya amani ya wateja, na mimi hilo nakataa kulizoea.

Tena wakati huu ndio mbaya zaidi kulizoea. Baraza la mazingira, NEMC, limekuwa likizifungia baa kwa kelele. Nairobi nako, Desemba 2022, kaunti ilifuta leseni za vilabu vya usiku kwenye maeneo ya makazi. Wenye kumbi wametishika, na wa kwanza kuondolewa kwenye orodha ni yule anayeonekana anapiga kitu. Lakini afisa anapokuja na mashine yake usiku wa manane, kinachompeleka pale ni besi ya spika inayotetemesha madirisha ya nyumba ya nne. Dramu ya inchi 18 isiyo na maiki haivuki barabara. Mwenye ukumbi anayeogopa kufungiwa angeuza zile spika, akanunua mazulia na mapazia mazito kwa hela hiyo, na bado chenji ikarudi.

Hoja ya pesa ndiyo inayoniuma kidogo, maana ina ukweli. Mtu mmoja mwenye kinanda chenye midundo ndani analipwa mara moja. Sisi tuko watatu. Hapo sina hesabu ya ujanja. Nina mfano tu. Mwaka 1963 watatu wa Afrika Kusini walikuwa wakipiga katika klabu moja ya Zürich iitwayo Africana: Dollar Brand, ambaye baadaye alikuja kuitwa Abdullah Ibrahim, kwenye piano, Johnny Gertze kwenye besi na Makaya Ntshoko kwenye dramu. Mwimbaji Sathima Bea Benjamin alimshawishi Duke Ellington, aliyekuwa mjini humo, aje kuwasikiliza. Alikuja. Siku chache baadaye aliwarekodi Paris, na rekodi ikatoka ikiwa na jina lake juu kama mdhamini. Ellington hangepanda ngazi kwenda kusikiliza kinanda chenye midundo ndani. Mwenye klabu yule hakutajirika kwa usiku ule, sidhani, lakini alikuwa na kitu ukumbini ambacho jirani yake hakuwa nacho, na biashara ya mgahawa nayo huishi kwa kitu cha namna hiyo.

Upande wetu sisi wapiga dramu tunalo la kujibu pia. Wengi wa vijana wanaopiga vizuri leo, Dar na Nairobi, wamefundwa kanisani. Ni shule nzuri: kila wiki, bila kukosa, mbele ya watu wanaoimba kwa dhati. Lakini makanisa mengi makubwa humweka mpiga dramu nyuma ya kuta za plastiki angavu, masikioni ana vidude vya kusikilizia, na fundi mitambo ndiye anayeamua asikike kiasi gani. Kijana anakua ndani ya kibanda hicho akijua kwamba kupunguza sauti ni kazi ya mtu mwingine. Mtoe umlete ghorofani kwenye vigae, mkono wake haujawahi kuulizwa swali hilo. Ana kasi, ana mbwembwe, ana mguu wa kutisha, na hajawahi kushika brashi. Kama kuna kiongozi wa kwaya anayesoma hapa, namwomba jambo dogo: siku moja ya mazoezi kwa mwezi, ondoeni ile plastiki, zimeni mitambo, wimbeni naye akiwa katikati yenu. Atateseka wiki za mwanzo. Baada ya hapo mtashangaa mnavyosikia sauti ya pili.

Na mameneja, masharti yangu ni mepesi. Tupeni kona yenye zulia, mbali na kioo ikiwezekana. Spika moja, tena igeukie ukuta. Fundi mitambo apumzike siku hiyo. Mpiga dramu alipwe sawa na mpiga kinanda, maana anabeba vyombo vingi zaidi na nauli yake ni kubwa. Chakula cha wanamuziki kitolewe kabla jikoni hapajafungwa, kwa kuwa mkupuo wa mwisho ukiisha saa tano na nusu na mpishi ameshaondoka, tunabaki na chipsi baridi. Blenda iendelee tu, tumeshaizoea.